Steringi wa Lewisville

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeamua. Nitamwoa Avelina. Yeye bado hajui. Hiyo ni hatua ya baadaye.

Niweke kumbukumbu sawa. Avelina ni nesi, Mtanzania mwenzangu, anaishi Garland, na ana kicheko cha chini chini ambacho nikikisikia nasahau nilichokuwa nasema. Mimi ni Elirehema, miaka arobaini na moja, nashughulikia madai ya bima ofisini, naishi hapa Lewisville na Kipngeno, Mkenya, ambaye tunagawana jiko. Ushauri hatugawani, anatoa yeye tu.

Vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni Edson, mfamasia wa Fort Worth, ambaye naye anamtaka Avelina. Ana gari la umeme na meno yaliyopangwa kwa rula. Cha pili ni Mzee Gelasius wa Houston, baba mkubwa wa Avelina. Baba mzazi alishafariki, kwa hiyo barua yoyote ya posa inakwenda kwa Mzee. Na Mzee ametangaza kwamba hapokei barua ya mtu ambaye hajamwona kwa macho yake. Tarehe 18 anakuja kwenye mkutano wetu wa Watanzania. Edson nasikia ameshona suti.

Kuna na kikwazo cha tatu, sweta. Februari gari la Avelina lilikufa betri pale kanisani, baridi ya kukata masikio, nikambustia betri kwa waya zangu kutoka gari langu, nikiwa na sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Grisi mpaka puani. Tangu siku ile kila akiniona anauliza waya zangu hazijambo. Aibu! Lazima nimsahaulishe lile sweta.

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari kubwa! Mzee Gelasius ni mgonjwa wa filamu za Kihindi. Avelina ndiye aliyesema jana. Ujana wake wote Moshi hakukosa filamu hata moja, alikuwa analia ukumbini na leso mbili. Sasa kule Houston wajukuu wanamkalisha mbele ya mpira wa kikapu, na akiwauliza jambo lolote wanamjibu "I'm good, Babu."

Nikaona njia. Siku ya mkutano nitaonyesha filamu ya Kihindi, na nitaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, papo hapo, kwa kipaza sauti, sauti zote mimi, kama tulivyokuwa tunatafsiriwa kwenye vibanda vya video nyumbani. Mzee atalia. Nitampa leso. Baada ya leso, barua.

Nikampigia katibu wa jumuiya. Akauliza kama nina uzoefu. Nikasema nilifanya kazi kwenye kibanda cha video Himo miaka mitatu. Ni kweli. Nilikuwa nauza karanga mlangoni. Lakini mlango ulikuwa wazi.

Akauliza kama najua Kihindi. Nikasema najua Kitamil, ambacho ni kigumu zaidi. Nimekaa meza moja ofisini na Senthil wa Chennai miaka sita. Najua maneno manne, mawili ya chakula.

Jumatano, 8 Oktoba

Senthil ameniletea diski. Haina maandishi ya Kiingereza chini. Afadhali, yale maandishi humvunjia mtafsiri heshima. Nikamwuliza inahusu nini. Akasema inahusu mwanaume anayependeza kupita kiasi, daktari wa meno, wanawake wanamkimbilia wenyewe. Akasisitiza niangalie mpaka mwisho, mwisho ndio penyewe. Nikamwambia bila shaka.

Nimeangalia mpaka mapumziko. Saa moja na nusu! Inatosha. Mtu aliyelelewa na kibanda cha video hahitaji mwisho, kanuni tunazijua. Anayeingia wa kwanza mwenye nywele nzuri ndiye steringi. Steringi ni mtu mwema na hafi. Mwenye kipara anayemfuatafuata ndiye adui. Humu adui ni jamaa mmoja wa sigara, anachungulia chungulia madirishani. Nimeshamchukia.

Lakini steringi! Anaongea polepole. Shati jeupe la kitani, mikono imekunjwa mara mbili. Masharubu membamba. Kabla ya kucheka hunyoosha kola. Kila mwanamke anayempenda humpa asumini na kengele ndogo ya shaba, kisha anamnong'oneza jambo, na mwanamke anafumba macho. Nimehesabu wanawake watano mpaka mapumziko, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Avelina hawezi kumkataa mtu kama huyu. Kwa hiyo nitakuwa mtu kama huyu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shati limepatikana. Masharubu yameota upande mmoja. Upande wa pili nimesaidia kwa penseli.

Kipngeno aliniangalia akamaliza mayai yake yote. Kisha akasema, "Maze, unakaa mtu wa ku-sell insurance kwa mortuary." Nikamkumbusha kwamba kweli nafanya kazi ya bima. Akasema hiyo ndiyo inamtia wasiwasi.

Sweta la kijani nimelipeleka kwenye sanduku la nguo za msaada kanisani. Nililikunja vizuri. Limekwenda.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilimngoja Avelina nje baada ya ibada. Nikanyoosha kola. Nikampa asumini, niliyoifuata Irving kwenye duka la Wahindi, pamoja na kengele. Nikamwambia aifunge kwenye funguo zake ili popote alipo nimsikie. Hayo ni maneno ya steringi mwenyewe, nadhani. Midomo yake ilikwenda hivyo.

Avelina akaitikisa, akashukuru, akauliza kama ninaumwa, maana naongea kama mtu anayetoka kwenye nusu kaputi. Nikacheka polepole. Akasema gari limeanza kusumbua tena asubuhi, bado natembea na zile waya? Mtego! Anataka kunirudisha kwenye sweta. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwanamke mzuri hapaswi kuwaza betri. Akanitazama kidogo, akasema haya, akaondoka.

Edson alikuwa pembeni anagawa keki ya ndizi aliyoioka mwenyewe kwa ajili ya akina mama. Mtu mzima. Keki.

Nampenda Avelina. Basi, nimeandika. Nikiwa mbali naye naongea naye siku nzima, kwenye foleni, ofisini, naosha vyombo. Nikiwa mbele yake nasahau hata jina langu. Ndiyo maana namhitaji steringi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mazoezi. Nina sauti tano: steringi, adui, msichana, mama wa msichana, mbwa. Kipngeno ni mtu wa taa. Nikinyoosha kola, anawasha. Ni ishara nzuri, watu wataniona nikiwa steringi kamili.

Ameuliza swali moja tu: "Na si u-finish kuangalia hiyo movie kwanza?" Nikamwambia mtafsiri mzuri hujiachia nafasi ya kushangaa. Akasema sawa, lakini yeye atakaa karibu na mlango.

Edson amejitolea kuleta projekta. Nimekubali. Atabeba vyombo vyangu mbele ya Mzee, kila mtu aone nani ni nani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nikiwa bafuni, mahali pekee ambapo Kipngeno hawezi kuja kucheka.

Ukumbi wa wapangaji, saa tisa alasiri. Watu arobaini na kitu. Zaidi ya nusu ni manesi, jambo ambalo sikulipa uzito. Mzee Gelasius mstari wa mbele, kofia gotini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akiyaangalia masharubu yangu kwa muda. Avelina kando yake, begi mapajani, funguo ndani ya begi, kengele kwenye funguo. Ameifunga kweli!

Nusu ya kwanza, ushindi mtupu. Watu walicheka. Adui alizomewa kila alipowasha sigara. Sauti ya mbwa ilipigiwa makofi yake peke yake. Mzee alipiga goti akasema enhee, hii ndiyo filamu. Steringi alipotoa kengele ya kwanza, nikatangaza kwamba hata humu ukumbini yupo bwana mwenye moyo kama ule, na shati kama lile. Vigelegele! Avelina akainamisha kichwa. Edson akanywa maji.

Mapumziko, sambusa. Mzee akaniita pembeni akasema kama nina barua yoyote, nimpe filamu ikiisha. Ninayo! Iko mfuko wa kushoto.

Nusu ya pili.

Msichana wa kwanza akaonekana ndani ya friza. Nikatafsiri kwamba amekwenda kupunga upepo. Kezia, nesi wa Kenya, akasema kutoka nyuma, "Huyo ni dead. Angalia lips zake." Nikasema amezimia kwa mapenzi. Nesi mwingine akasema mtu aliyezimia shingo yake haikai hivyo. Akaja wa pili, nikasema amechoka na safari. Manesi wakasema dead. Wa tatu alizungushiwa waya shingoni, nikasema steringi anachukua vipimo amnunulie mkufu. Manesi huwezi kuwatafsiria maiti.

Mimi mwenyewe nilikuwa nashangaa kama wao. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na kipaza sauti.

Halafu ikaja ile sehemu ya kengele. Kumbe anawapa kengele ili gizani awasikie wanapojaribu kukimbia. Msichana wa nne akajificha nyuma ya pazia. Kengele ikalia. Steringi akatabasamu. Kengele ikalia tena, na hiyo ya pili haikutoka kwenye filamu. Ilitoka kwenye begi la Avelina, ambaye alikuwa anasogeza kiti chake mbali na mimi.

Watu wakageuka. Wakaangalia ukutani. Wakaniangalia mimi. Taa zikawaka. Nikamtazama Kipngeno kwa hasira, akanionyesha kwa kidole shingoni kwangu. Nilikuwa nimenyoosha kola.

Mzee Gelasius akauliza, kwa utulivu kabisa, steringi amemaliza wangapi mpaka sasa. Nikasema wanne, wa tano bado. Akauliza na mimi nimefikisha wangapi.

Nilijaribu kueleza kwamba ni adui anamsingizia, yule mwenye kipara. Kezia akasema yule ni polisi, amekuwa polisi tangu mwanzo, kuna kofia kwenye gari lake. Nikaomba tuizime. Mzee akakataa. Akasema hajaacha filamu katikati tangu mwaka sabini na nane. Tukaangalia mpaka mwisho, mimi nikiwa kimya na kipaza sauti mkononi. Steringi alitoroka na treni. Nilikuwa nimewaahidi kwamba steringi hafi. Hakufa. Hilo nilisema kweli.

Nje, gari la Avelina likakataa kuwaka. Edson akasema gari lake la umeme halibusti mtu, kitabu chake kimekataza. Mimi waya ninazo! Sikufikiri chochote. Nikasahau kola, nikasahau kuongea polepole, nikakimbia mpaka kwenye buti, nikarudi mbio katikati ya magari, shati limetoka nje, waya zimezunguka mkononi, naita, "Avelina, usiogope!"

Mama mmoja alipiga yowe akaingia kwenye gari ambalo si lake. Edson akasimama mbele yangu amenyoosha mikono kama askari wa barabarani. Kipngeno akanipokonya waya akabusti yeye, nami nikimwelekeza kutoka hatua ishirini nyuma, ambako niliombwa nibaki. Nilimwambia nyekundu ianze kwenye betri iliyokufa. Alitaka kuanza na nyeusi. Gari likawaka. Avelina alikuwa amesimama ananiangalia muda wote, na sikuweza kujua anawaza nini.

Barua yangu haikutoka mfukoni. Ya Edson ilitoka. Nilimwona akimkabidhi Mzee kwa mikono miwili.

Jumapili, 19 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimenyoa masharubu, upande wenye nywele na upande wa penseli.

Kundi la jumuiya la WhatsApp lina ujumbe mia mbili na kumi na nne. Kuna picha yangu na waya, mtu ameiandika chini "Napima tu mkufu". Mchungaji amenitumia namba ya mshauri nasaha. Edson ameandika kwamba tusimhukumu mtu kwa siku moja. Mnafiki!

Nimempoteza. Nimekaa na hilo neno siku nzima na haliishi makali.

Jumatatu, 20 Oktoba

Senthil ameuliza kama watu waliupenda mwisho. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba mtu yule ni muuaji. Akasema nchi nzima inajua, na alinisisitizia niangalie mpaka mwisho. Nikamwambia kwenye filamu za kawaida steringi hawi muuaji. Akasema basi ndiyo maana ile ni filamu nzuri. Hatukuongea tena mpaka chakula cha mchana.

Jumatano, 22 Oktoba

Avelina amekuja! Ametoka kazini moja kwa moja, bado na nguo za hospitali. Kengele ameiweka kwenye kifuko cha plastiki kama kipimo cha maabara.

"Kaka Eli, hii yako. Wenzangu kwenye floor wamekataa niingie nayo."

Nikaomba msamaha. Akasema ngoja kwanza. Akakaa. Akaanza kucheka kile kicheko, akacheka mpaka akashika meza, akisema kupunga upepo, kwenye friza, kupunga upepo. Nikacheka na mimi. Sikucheka polepole.

Kisha akatulia akasema jambo ambalo naliandika hapa kama alivyolisema, nisije nikalikosea. "Wewe wiki mbili hizi nilikuwa sikuoni. Nilikuwa naona shati. Nimekuona mara moja tu, pale ulipokuja unakimbia na zile waya. Watu wanapiga kelele, mimi nikasema, ah, huyu hapa."

Akaeleza kwamba Mzee amepokea barua ya Edson lakini hatajibu mtu yeyote mpaka amsikie Avelina mwenyewe. Anamtaka Houston Jumamosi hii. Gari lake halifiki Houston. Saa nne za barabara. Akaniomba nimpeleke mimi.

"Edson ame-offer, ila nimemwambia nina dereva. Sasa uje wewe, umesikia? Na lile sweta lako. Tuongee tu njiani."

Nikakubali. Alipoondoka nililia kidogo. Kipngeno aliniona, akaniletea chai, akasema, "Sasa usi-mess." Sijui anamaanisha nini. Mimi si mtu wa kuharibu mambo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimefuata sweta kanisani. Limeshachukuliwa. Analo Godefroid, Mkongo anayefunga na kufungua kanisa. Alikuwa amelivaa, ameshaziba kiwiko, na linamkaa vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi. Akamshukuru Mungu mbele yangu kwa ajili ya mtu aliyelitoa. Nikasema amina.

Kwa hiyo sweta hakuna. Nikakaa kwenye gari nikatafakari maneno ya Avelina moja baada ya jingine. Alinipenda nikiwa na waya. Alinipenda nikiwa na grisi. Alinipenda nikikimbilia gari bovu. Ghafla nikaona kosa langu lote! Nilichagua steringi asiye sahihi. Daktari wa meno! Avelina anataka fundi magari.

Nikampigia Senthil. Nikamwuliza kama Kitamil kina filamu ya fundi magari. Akasema ipo moja, nzuri sana, lakini nimwapie kwamba safari hii nitaangalia mpaka mwisho. Nikamwapia.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeangalia mpaka mapumziko. Kesho ni safari, mtu lazima alale.

Na kwa kweli mwisho hauhitajiki. Jamaa ni mpole ajabu. Haongei kabisa. Wanawake wanamletea magari mabovu, anafuta mikono, anawafungulia buti kwa adabu. Chini ya gereji ana shimo lake ambalo analiosha kila asubuhi kwa maji ya moto. Usafi wa namna hiyo si wa kila mwanaume. Na nimechunguza kwa makini: hakuna hata mtu mmoja mwenye kipara. Yaani filamu nzima haina adui.

Mchana nimekwenda kununua vitu kama vyake. Ovaroli nyeusi, glavu ndefu za mpira, kamba, turubai kubwa, solotepu ile pana na koleo dogo. Nimevipanga vizuri kando ya waya, kwa mpangilio ule ule wa steringi. Barua ya posa nimeiweka juu, isikunjike. Kipngeno alikuja kusimama nyuma yangu, akatazama ndani ya buti kwa muda. Akapiga picha namba ya gari, akaingia ndani.

Kesho nitakaa kimya njia nzima mpaka Houston, kama fundi, nimtazame tu Avelina kwenye kioo. Nampitia saa mbili asubuhi. Nimemwandikia asihangaike kubeba kitu chochote, kila tutakachohitaji kipo kwenye buti.